Kipande cha Sita

Walimwita Hakimu, ingawa hakuwahi kukanyaga mahakamani hata kwa kesi ya kuku. Jina alilipatia jikoni. Mwanamke huyu akishika upawa, nyama ndani ya sufuria ilijua inakokwenda: vipande vitano kwa mume wake, vinne kwa mwanawe, vitatu kwa binti yake. Kumi na viwili, nusu kilo imekwisha, kesi imefungwa. Hakuna aliyewahi kukata rufaa. Sahani zilitoka jikoni zimeshajazwa, zikapelekwa sebuleni, na kila mtu akaridhika kwamba haki imetendeka.

Sahani ambayo hakuna aliyeiona ni ya kwake mwenyewe, kwa sababu haikuwepo. Hakimu alikula mwisho, kwenye kigoda kati ya jiko na mlango wa uani, sufuria katikati ya magoti, akikomba mchuzi kwa wali ulioganda chini. Jungu kuu halikosi ukoko, walisema wahenga, na kwa miaka ishirini ukoko wa nyumba ile ulikuwa na mwenyewe.

Mambo haya yalianza na uongo mdogo, uongo wa mama, ule ambao tumezoea kuusifu. Mume wake, seremala, alikuwa ameteguka bega na kazi zimekatika. Nyama ikawa robo kilo, na mwenye bucha aliikata vipande sita: vitatu vya mume, viwili vya binti, kimoja chake. Kisha yule mdogo, wa kiume, akaota meno ya kutafunia. Kipande kimoja kikahama sahani. Binti, wakati huo ana miaka minane na macho yasiyopitwa na kitu, akauliza, "Mama, mbona wewe huna nyama?"

"Mimi nyama siipendi," Hakimu akajibu bila kugeuka. "Inanishinda menoni."

Meno yake siku zile yangetafuna hata soli ya kiatu. Lakini mtoto akaridhika, akala vyake, na tangu siku hiyo ikawa sheria: mama nyama haipendi.

Alikusudia iwe kwa muda tu. Bega likapona, mbao zikarudi karakanani, robo kilo ikawa nusu kilo, na hapo angeweza kujitilia kipande kimoja, hata kile cha mafuta na mfupa, na dunia isingepinduka. Hakujitilia. Alingoja aulizwe tena. Mtu yeyote, siku yoyote, aseme tu, "Mama, hata leo huonji?" Mficha uchi hazai, alilijua hilo, lakini alikuwa na kiburi chake. Kuomba nyama aliyokwenda kuinunua yeye, akaiosha yeye, akaipika yeye? Afadhali alambe mwiko. Miaka ikapita, na meno ya nyuma akayaaga moja baada ya jingine kwenye kiti cha daktari wa meno, wala hakuyakumbuka sana, maana wali na mchuzi havihitaji magego.

Kilichomwamsha ni pasi. Hakimu alifanya kazi kwa dobi, upande wa kunyoosha, na kwa kola hakuwa na mpinzani. Asubuhi moja, mvuke umetanda, shati la mteja limelazwa kifudifudi, macho yake yakaingia giza. Alipozinduka alikuwa amekaa sakafuni, dobi amesimama juu yake na lile shati mkononi, na mgongoni mwa shati kuna alama ya pasi nzima nzima, kahawia, mpaka tundu za mvuke zinahesabika.

"Shati la harusi!" dobi akalia. Kisha akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Nenda zahanati, mama. Umekuwa mweupe kuliko hili shati lilivyokuwa."

Muuguzi akamvuta kope la chini, akachungulia. "Huku ndani kweupe kabisa. Damu imeshuka. Nyumbani mnakula nini?"

"Tunakula vizuri. Nyama mara nne kwa wiki."

"Wewe mwenyewe unakula?"

Swali lile lilimpata pabaya. Alilingoja miaka ishirini litoke sebuleni kwake, na sasa linatoka kwa mtu aliyemjua kwa robo saa. Akainamisha macho. Muuguzi alikuwa mtu mzima, ana watoto wake, hakuhitaji kuchorewa ramani. Akaandika vidonge, na chini ya vidonge akaandika kwa herufi kubwa: NYAMA, MAINI, MAHARAGE, MBOGA ZA MAJANI. Akamkabidhi karatasi lakini hakuiachia.

"Nilichokuandikia hapa," akasema, "usimpe mtu."

Angeiweka karatasi ile mezani jioni hiyohiyo, angelishwa. Alijua. Watoto wake hawakuwa na roho mbaya; wangekimbilia bucha, wangemlaza, wangemlisha maini kwa kijiko. Lakini wangemlisha kama mgonjwa, na mgonjwa akipona hurudi kwenye kigoda. Hakimu hakutaka nyama ya dawa. Alitaka kipande chake, apewe kwa kuwa ni mtu wa nyumba ile kama wenzake, na apewe na mtu aliyeona kwamba hana. Basi akakunja karatasi mara nne, akaisukuma chini ya kopo la chumvi, akaanza kumeza vidonge kimyakimya.

Sasa tazama jinsi dunia isivyo na haya. Ni wiki hiyohiyo binti yake aliposusia nyama.

Binti alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni, na nyumbani jina lake likawa ndilo hilo, Mkaguzi. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri, vidole vina wino wa zambarau wa mhuri usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Jioni ile akaisukuma sahani yake katikati ya meza.

"Mimi nyama nimeacha."

"Umeiacha wapi, tukaifuate?" baba yake akauliza, na mdogo wake, kinyozi, akacheka mpaka akapaliwa.

Mkaguzi hakucheka. "Leo nimepasua ng'ombe mwenye mimba. Ndama ameshaota manyoya, baba. Kwato zake bado laini, unazibonyeza zinabonyea. Nimeandika ripoti, msimamizi akaniambia niandike kwa penseli."

Jikoni, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, Hakimu akaacha kukomba sufuria.

"Sisemi nyama ni dhambi," Mkaguzi akaendelea. "Kuna watu wanaihitaji. Lakini tunakula kwa mazoea tu, tunakula kama tunafidia kitu. Na mnajua kinachonimaliza ni nini? Mbuzi atapiga kelele mpaka dakika ya mwisho. Ng'ombe hapigi. Anasimama kwenye foleni, anamwona mwenzake, ananyamaza. Na kwa kuwa amenyamaza, watu pale wanasema huyu hana neno, huyu hajali. Kumbe hajaulizwa!"

"Sasa tukale majani?" Seremala akasema. "Tukiwamalizia majani yao ndiyo watakufa kwa njaa."

"Tupunguze nusu. Kila mtu nusu ya anachokula. Mimi naacha kabisa, nyinyi nusu. Ni jambo kubwa hilo?"

Hakimu alisikia kila neno, na kila neno lilikuwa kweli. Alijivunia mtoto wake, tusimsingizie. Alimlea awe mtu wa kumwona asiyelia. Akatega sikio, sufuria imepoa kwenye magoti yake, akangoja aone macho hayo yatafika mpaka wapi.

Yalifika Jumamosi. Mkaguzi alikuja jikoni na karatasi aliyoipiga mistari kwa rula, akaibandika nyuma ya mlango kwa gundi, akawaita wote. Alisema huwezi kupunguza nusu ya kitu usichokijua. Lazima kila mtu ataje vipande vyake.

"Baba?"

"Vitano. Na nusu yake ni viwili na nusu. Hiyo nusu anakula nani, paka?"

"Haya, vitatu. Kwa heshima ya mvi. Wewe?"

"Vinne," Kinyozi akasema kwa huzuni ya mtu anayetangaza msiba. "Mimi nashinda nimesimama, dada, mikono juu ya vichwa vya watu kutwa."

"Viwili vinakutosha. Mimi nilikuwa na vitatu, sasa sina." Kalamu ikashuka mstari wa nne. "Mama?"

Hapo ndipo. Hakimu alikuwa ameshika bakuli la vitunguu, na moyo ulimwenda mbio kama binti anayeposwa. Baada ya miaka ishirini, swali limerudi kwenye mdomo uleule.

"Mimi sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina kipande. Sijatia nyama mdomoni katika nyumba hii tangu mdogo wako alipoanza kutafuna."

Gesi ikavuma chini ya birika. Kinyozi akatazama ndala zake. Hakimu akaona uso wa binti ukibadilika, macho yakijaa maji, akasema moyoni: ameona. Mwanangu ameona. Akaweka bakuli chini ili mikono iwe tayari kwa lolote.

"Kwani hamjui?" Seremala akasema, tena kwa upole kabisa, kama mtu anayewasaidia wenzake. "Mama yenu nyama haipendi. Tangu zamani."

Naye Mkaguzi akamrukia mama yake shingoni. "Kumbe mama ulishatutangulia! Miaka yote hiyo, bila kelele, bila kujitangaza! Mimi hapa natafuta mfano huko nje, kumbe mfano uko jikoni kwetu!" Akageuka, akaandika sifuri kwenye mstari wa mama, sifuri kubwa ya wino wa zambarau, na pembeni yake akachora nyota.

Hakimu alisimama na mikono yake tayari, na hakuna kilichowekwa ndani yake. Hasira ilimpanda mpaka kwenye masikio. Unanyimwa, kisha unasifiwa kwa kukosa. Sijui kama kuna tusi linalozidi hilo, na hata limrukie mtu shingoni kwa mapenzi, tusi ni tusi.

Hata hivyo akajikaza, akawapa nafasi moja zaidi. "Robo kilo inatoka vipande sita," akasema. "Nyinyi mna vitatu na viwili. Kimoja kinabaki."

Alikiweka mbele yao hadharani, kama anayeweka sadaka. Kipande cha sita. Ni kilekile, ukitaka kujua. Kile kilichohama sahani miaka ishirini iliyopita.

"Hicho tutapokezana," Seremala akasema. "Leo mimi, keshokutwa kijana."

"Sawa, mpokezane," akasema Mkaguzi, akaandika.

Kupunguza nyama kukaanza, na kama ilivyo kwa mambo mengi mema, wema ukawa wa wote na kazi ikawa ya mmoja. Nyama huiva ukiwa unafanya mengine. Maharage ni bwana mkubwa. Yanataka kulowekwa jana, kuchaguliwa mawe, kuchemshwa saa mbili na kuongezwa maji kila unapokaa. Mtungi wa gesi uliokuwa ukimaliza mwezi ukaanza kukata roho wiki ya tatu. Mkaguzi alileta uyoga, akaleta dengu, akaleta mapishi yaliyoandikwa vizuri sana, kisha akaenda kulala kwa kuwa alfajiri anaamka. Kinyozi alisema bilinganya linamkumbusha masikio ya wateja wake. Seremala alikula, akafungua kitufe cha suruali, akatangaza kwamba tumbo lake sasa ni karakana, linapiga randa usiku kucha. Wote walicheka. Hakimu, anayerudi kutoka kwa dobi miguu imevimba, alisimama jikoni saa mbili zaidi kila siku, na hakuna aliyeandika hilo kwenye karatasi ya mlangoni.

Tuwe wakweli lakini: maharage yalimsaidia. Alianza kuyala kwa bakuli, si kwa kukomba, na kizunguzungu kikapungua. Angekuwa mtu wa kushukuru kidogo angeishia hapo. Ila kilichokuwa kikimuuma hakikuwa damu.

Mara nne kwa wiki alikitoa kipande cha sita kwa upawa, akakining'iniza juu ya sufuria, mchuzi ukidondoka, akasoma karatasi: leo zamu ya nani. Na mara nne kwa wiki akakitia kwenye sahani ya mwingine.

Siku moja akaasi. Alipitia bucha akanunua maini, kiasi cha mtu mmoja.

"Nyumba yenu imeingia dini gani?" mwenye bucha akamtania akiyafunga. "Kwanza nusu ikawa robo, sasa robo imekuwa kiganja."

"Haya ni yangu," Hakimu akasema, na kusema tu neno hilo kulimpa joto kifuani.

Akafika nyumbani mchana, hakuna mtu. Akayakaanga na kitunguu na pilipili manga, akapakua kwenye sahani, sahani ya kweli, akavuta kigoda. Mlango wa uani ukafunguliwa. Kinyozi, umeme umekatika kazini, mashine za kunyolea hazifanyi kazi.

"Mama! Umejuaje nakuja?" Akanusa, akafumba macho. "Wallahi hakuna kama mama. Na usimwambie dada!"

Sasa hapa simlaumu kijana peke yake. Hakimu alikuwa na mdomo. Angeweza kusema, mwanangu, haya ni yangu, nenda kapashe maharage. Lakini mkono uliozoea kutoa hauombi ruhusa kwa mwenyewe. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshamsogezea sahani, na anamtafutia ndimu. Kinyozi alikula yote, akafuta sahani kwa mkate. Kinyozi hajinyoi, husema watu, lakini kula hujilia vizuri tu.

Jioni hiyo Mkaguzi alirudi na salamu. "Nimewasimulia wenzangu kazini habari zako, mama. Kuna mmoja amesema ukiweza siku moja uje utuzungumzie. Unavyoweza. Siri yako ni nini."

"Siri yangu," Hakimu akasema, akaenda kuangalia maharage.

Usingizi haukumchukua upesi. Alilala akijitukana, si wao, yeye. Binti amewauliza watu wote, na nilipoulizwa nikasema sina, kama mtu anayejisifu. Kwa nini nisiseme nataka? Sikukatwa ulimi. Akaapa kwamba Jumapili atasema, kwa maneno yasiyo na kona.

Jumapili mchana akapika robo kilo yake na njegere. Akapakua sahani tatu kama kawaida, akazipeleka. Kisha akarudi na ya nne.

Meza ile Seremala aliitengeneza mwenyewe mwaka waliooana, na viti vinne vya kufanana. Kiti cha nne kilikuwa kimebeba nguo za kukunja tangu hawajui lini. Hakimu akaziinua zote, akazitupa kwenye kochi, akakaa. Kiti kililia kama kitu kipya. Kwenye sahani yake kulikuwa na wali, njegere, na juu kabisa, pasipo kujificha, kipande cha sita.

Kijiko cha Kinyozi kilisimama njiani. Ilikuwa zamu yake.

"Mama," Mkaguzi akasema taratibu. "Na wewe?"

"Na mimi," akasema Hakimu. "Nisikilizeni, sitarudia. Nyama naipenda. Naipenda tangu utoto wangu. Nilidanganya. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukaniuliza mbona sina, nikakudanganya kwa kuwa vilikuwa vipande sita na huyu mdogo wako ameanza kula. Nikangoja mniulize tena. Nimengoja miaka ishirini. Mimi si mfano wa mtu. Nyinyi mnapunguza mlichokuwa nacho. Mimi mnanipigia makofi kwa kuwa sikuwahi kupewa. Hiki ni changu, na leo nitakila hapa, mkiniangalia."

Uso wa Seremala wa siku zote, wa mtani, ukakosa pa kukaa. Mkaguzi aliweka kijiko chini. Alimtazama mama yake kama alivyozoea kutazama nyama kabla ya kupiga mhuri, kwa makini, upande huu na upande ule, na safari hii Hakimu aliona kabisa kwamba binti yake anafika, yuko karibu kufika.

"Kula, mama," akanong'ona. "Kula."

Seremala akachukua kipande kimoja kati ya vyake, kile kinono, akakiweka kwenye sahani ya mkewe. Mkono wake ulikuwa mzito. "Na hiki," akasema.

Basi Hakimu akala. Akatia kipande chote mdomoni, kizima, kama alivyokuwa akiota. Ladha ikaja yote kwa mpigo, chumvi na mafuta na kitunguu, mpaka machozi yakamlenga. Akatafuna. Akatafuna upande wa kulia, hakuna kitu kule, ufizi tu. Akahamisha kushoto, gego moja lilikuwepo, halina mwenzake wa juu. Nyama ya robo kilo si steki. Ni nyama ya mguu, ina nyuzi, inataka meno. Ikazunguka mdomoni. Ikawa kubwa. Watu watatu wanamtazama, vijiko vimetulia, na kadiri walivyomtazama ndivyo koo lilivyojifunga. Akajaribu kumeza, ikakwama, macho yakamtoka. Kinyozi akainuka nusu. Hakimu akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa, na kipande cha sita kikarudi mkononi mwake, cheupe, kimesagika upande mmoja.

Kisha Seremala akashusha pumzi, ndefu, pumzi ya mtu aliyeambiwa kwamba kumbe hadaiwi.

"Si niliwaambia?" akasema, na utani ukarudi usoni mwake, umepata pa kukaa. "Haipendi. Anajilazimisha tu."

"Inamshinda," Kinyozi akasema, akaketi.

Hakimu akamgeukia binti. Mdomo wake ulikuwa bado umejaa kikohozi, hauwezi neno, lakini macho yalikuwa wazi na yalisema kila kitu. Meno, mwanangu. Niulize kuhusu meno.

Mkaguzi alikuwa analia. Aliinuka, akazunguka meza, akampangusa mama yake kidevu kwa ncha ya kitambaa, kwa vidole vyake vya zambarau, kwa upendo usio na hata chembe ya uongo.

"Basi, mama," akasema. "Basi. Usijilazimishe kwa ajili yetu. Nimeelewa, hukupenda tukusifu. Sitawasimulia tena watu. Lakini usijitese hivi."

Seremala akanyoosha uma akakirudisha kile kipande kinono, kisiharibike. Vijiko vikaanza tena. Kinyozi akauliza kama njegere zimebaki.

Hakimu akanyanyuka na sahani yake, akaenda jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino. Sifuri na nyota yake zikamtazama. Akafungua kiganja. Angeweza kukitupa; paka alikuwepo dirishani, anangoja. Badala yake akakilaza kwenye ubao wa kukatia, akachukua kisu, akakikatakata vidogo vidogo, vidogo kuliko alivyowahi kumkatia mtoto yeyote. Akachota chumvi kidogo kwenye kopo. Kisha akala kwa ncha ya kisu, amesimama, punje moja baada ya nyingine, mpaka ubao ukawa safi.

Ilikuwa tamu. Imepoa, imeshatafunwa mara moja, na bado ilikuwa tamu vilevile kama alivyoikumbuka. Hilo ndilo lililomliza, akalia kwa sauti ndogo na mkono mdomoni, na ile karatasi ya zahanati iko palepale chini ya kopo, imekunjwa mara nne.

"Hakimu!" mume wake akaita kutoka sebuleni. "Maji!"

Akanawa uso, akafuta kisu, akajaza jagi, akawapelekea.